Pikipiki ya Kuazima

Fundi mabomba mmoja, ambaye majirani walimwita Mkono Wazi, hakuwahi kumnyima rafiki kitu. Msumeno wake, ngazi yake, hata koti lake la mvua, vyote vilikaa zaidi katika nyumba za watu kuliko kwake. Mkewe alipochoka alimwambia, "Baba watoto, iko siku utaniazima na mimi."

Kilichomwondolea raha ni pikipiki. Alikuwa nayo moja, ndefu na yenye nguvu, aliyoipanda kwenda kukagua matangi ya maji milimani. Mwaka uliopita alimpa rafiki yake mwashi, mtu asiyewahi kushika klachi. Mwashi aligusa mafuta tu, chombo kikaruka kama punda aliyechomwa, na mwashi akavunjika mtulinga, mfupa wa bega. Mkono Wazi aliiuza wiki ile ile.

Sasa muuguzi wa chanjo, rafiki wa mkewe tangu ujana, alikuwa amehamishiwa zahanati ya mlimani isiyofikiwa na gari, naye aliomba kusaidiwa usafiri. Kukataa hakuweza, na kukubali aliogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Alizunguka maduka ya pikipiki siku nne, akipanda viti na kushuka, akiondoka na kurudi pale pale. Siku ya tano aliingia duka jingine, jasho likimtiririka.

"Natafuta pikipiki ya kuazima. Ya njia mbovu."

Muuzaji akamtazama kwa huruma. "Mzee, hapa tunauza. Hatuazimi."

"Najua! Anayeazima ni mimi."

"Ndiyo, nimekuelewa. Na mimi nakwambia hatuazimi."

Lugha yetu, kwa ukarimu wake, imewapa atoaye na apokeaye kitenzi kimoja, na wawili hao wangalibishana hadi adhuhuri kama fundi wa duka, mama aliyeinamia mnyororo nyuma ya kaunta, asingaliangua kicheko.

"Bosi, huyu ananunua, halafu anawapa watu! Baba, unampa nani?"

"Muuguzi. Hajawahi kuendesha."

"Mrefu?"

"Ananifika hapa," akaonyesha kifuani.

"Na wewe unapimia miguu yako?"

Mkono Wazi akaitazama miguu yake. Siku nne alikuwa amechagua kwa urefu wake na kwa uzoefu wake wa miaka ishirini. Hakuwa amemuuliza lolote yule atakayeanguka.

Kesho yake asubuhi alimleta muuguzi. Katika uwanja wa udongo nyuma ya duka, fundi akawatolea pikipiki fupi: injini ndogo ya cc mia na hamsini inayopozwa na upepo, klachi laini, tairi zenye meno, na kiki ya kuwashia kwa mguu betri ikigoma. Muuguzi akaketi; nyayo zote mbili zikatua chini. Kisha fundi akamshusha, akailaza pikipiki ubavu.

"Dada, inyanyue."

Mkono Wazi akakurupuka kusaidia. Fundi akamdaka shati. "Tulia, baba. Kwani huko mlimani utakuwepo?"

Mara ya kwanza muuguzi alishindwa. Mara ya pili akaipa mgongo, akashika usukani na kiti, akasukuma kwa miguu, ikasimama.

"Mbona nyepesi kuliko wagonjwa!" akasema akihema.

Mkono Wazi akainunua.

Mafunzo yalichukua wiki mbili. Siku muuguzi alipopanda mlima peke yake, Mkono Wazi alikata bomba likawa fupi mno mara mbili, akafunga koki kinyume, akaswali adhuhuri bila kujua ameswali rakaa ngapi, akarudia. Kila mngurumo wa barabarani ulimtoa nje.

"Utachimba handaki hapo mlangoni," mkewe akamtania.

Hakucheka. Alikuwa ameapa moyoni kuudai ufunguo mara tu muuguzi atakaporudi.

Alasiri akarudi, tope hadi magotini, kisanduku cha chanjo mgongoni.

"Shemeji, nimeanguka mara mbili."

"Umeumia?"

"Sijaumia, nimechelewa tu. Kuna watoto sita sijawafikia. Kesho nitaondoka alfajiri."

Mkono Wazi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuudai ufunguo. Akaurudisha polepole, akamwomba Mola amhifadhi mja wake, kisha akachuchumaa na kuanza kuchokoa tope kwenye mnyororo.