Mzigo Unaofuata Lori

Mhandisi wa madaraja alikuwa na vidole vyembamba visivyotulia. Kila asubuhi aliwasha kompyuta pekee ya ofisi yao mjini Bukoba, akafungua mchoro wa daraja la njia ya Muleba, lililochoshwa na magari ya jeshi wakati wa vita. Kwenye mchoro huo alipitisha lori, akilisogeza kidogo kidogo na kutazama ni boriti ipi inayoelemewa. Siku moja Ephrasia, mpiga chapa wake, alimwona akiongeza mzigo mwingine nyuma ya lori, mrefu kama mkia.

"Na huo ni wa nini, waitu?" alimuuliza kwa heshima ya kwao.

"Watu," alijibu bila kugeuka. "Siku hizi lori halivuki peke yake. Limebeba jeneza, na nyuma kijiji kizima kinalifuata."

Lori bila watu nyuma yake, daraja lilihimili. Lori na msafara wake, halikuhimili. Akaamuru visivuke pamoja, na Ephrasia akaipiga chapa amri hiyo.

Benigna, mdogo wake Ephrasia, alipokufa kwa ugonjwa ule uliokuwa ukimaliza vijiji, mhandisi alisimama mwenyewe darajani kuwazuia waombolezaji. Ephrasia akamsihi.

"Mimi mmoja tu, nikae naye ndani ya lori."

"Nikikuruhusu wewe, dada, nitamkataza nani?"

Mhandisi aliinamisha macho, lakini mkono aliouinua kuwazuia hakuushusha. Lori likaondoka polepole. Ephrasia akabaki ng'ambo ya huku, akitazama jeneza la mdogo wake likivuka bila ndugu hata mmoja kando yake.