Mgombea na Tanuri la Mofa

Mwenyezi Mungu anisamehe: juzi mkutanoni nilimpigia makofi mgombea bila ya kufikiri, na mkate wa mofa mdomoni. Alikuwa akigombea uenyekiti wa tawi letu la Michenzani. Akasema mikoko ya Chwaka isikatwe tena kuni, na majumba mapya yapikie umeme. Hapo akainuka bibi aliyeuoka mkate ule ule.

“Mwanangu, na tanuri langu la udongo utalitia waya?”

Tukacheka. Yeye hakucheka, maana tanuri hilo ndilo linalowalisha wajukuu zake.

Mgombea akavua kofia. “La, Bi. Nnasema mikoko tu. Wewe choma makumbi ya nazi.”

“Ntayapata wapi? Si mnayatupa pwani?”

“Tawi litakukusanyia.”

“Kabla ya kura au baada?”

“Kesho asubuhi, inshallah.”

Asubuhi yake nikapita, nikaona gari la ng'ombe limejaa makumbi mlangoni kwa yule bibi, naye anachochea moto. Nikashusha pumzi, alhamdulillahi. Lakini makumbi ya gari moja hayafiki mbali. Basi, msomaji, ukifua nazi, makumbi usiyatupe. Mpelekee muoka mikate wa mtaani kwako.