Fundi wa intaneti anayeziogopa dari

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Spidi amesimama kwenye kidato cha tano cha ngazi ya mbao, utosi wake ukikaribia kugusa mlango wa dari. Mkono wa kulia umeshika tesa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini inayowaka ikikutana na umeme. Mkono wa kushoto umeishika ngazi mpaka vidole vimepauka.

Ana dakika tatu hapo. Hajafungua.

"Fundi, kuna nyoka huko?" anauliza mwenye nyumba kutoka chini, kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Hapana, baba. Nabisha hodi tu."

Mwenye nyumba anacheka. Mama Spidi hacheki. Jasho linamtiririka nyuma ya masikio, na hata joto hakuna.

Ni fundi wa intaneti za majumbani, mwenye umri wa miaka thelathini na sita. Jina la Mama Spidi alipewa na wateja, likamganda mpaka ofisini. Kwa hesabu yake ameshaingia katika nyumba zaidi ya mia tisa, na anasema siku hizi karibu nusu ya wanaomwita wana shida moja: mashine ya gemu inakwamakwama.

"Mtu akitazama filamu ikasimama kidogo, atavumilia, atakwenda kunywa maji," anasema. "Mchezaji wa gemu akikwama sekunde moja ameshafungwa goli. Na goli hilo ni langu mimi, si la kipa."

Wengi hudhani dawa ni kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Yeye huwakatalia. Mara nyingi hukuta ruta imefichwa nyuma ya friji, mashine ya gemu iko chumba cha mwisho, na katikati kuna kuta tatu za matofali. Ataitoa ruta mafichoni, ataiweka juu mahali pa wazi, ataangalia ni vifaa gani vingine vinavyonyonya mtandao kimyakimya. Nyumba nyingi hupona hapo hapo.

Zile zisizopona zinahitaji waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye mashine yenyewe.

"Waifai ni uchumba wa mbali," anasema. "Leo mnaelewana, kesho simu haipatikani. Waya ni ndoa."

Tatizo ni kwamba njia fupi ya waya karibu kila mara hupita darini. Na dari ndizo Mama Spidi anazoziogopa kuliko kitu chochote duniani.

Woga huo una tarehe. Ni miaka miwili na miezi minne iliyopita, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Alikuwa chini ameshika ngazi, na juu alikuwepo fundi aliyemfundisha kazi, mwanamume wa makamo ambaye wenzake walimwita Kipanga kwa jinsi alivyopenda kukaa juu ya mapaa. Walikuwa wakipitisha waya katika nyumba ya kupanga.

Kipanga aliingiza kichwa na mabega darini, akaomba plaizi. Mama Spidi akainama kuitoa kwenye mfuko.

"Nilipoinuka nikamwambia, 'Kaka, hii hapa, pokea.' Hakupokea. Nikaona miguu yake inatetemeka, nikadhani ananitania, maana alikuwa mtu wa utani sana. Nikamwambia, 'Acha mchezo.' Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia."

Bati la nyumba ile lilikuwa na umeme. Waya wa zamani ulikuwa umechubuka na kulilalia. Mama Spidi alikimbia huku na huko kutafuta swichi kuu ya nyumba, hakuijua ilipo. Aliiona baadaye, nyuma ya pazia la jikoni, baada ya jirani kuizima. Kipanga hakufika hospitali akiwa hai.

Kwa miezi mitano Mama Spidi hakushika ngazi. Aliuza nguo za mitumba, akaona haziuziki mikononi mwake. "Nilikuwa nawaambia wateja ukweli, kwamba hii imefubaa, hii ina tundu. Mume wangu akasema, 'Mke wangu, wewe biashara huiwezi, rudi kwa waya zako.'" Akarudi. Lakini alirudi na sharti lake. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hata ya kuonyeshwa mashine ya gemu, huuliza: swichi kuu iko wapi?

Asubuhi hii pia ameuliza. Mwenye nyumba, dereva mstaafu wa malori ambaye ajali ilimpokonya nguvu za miguu, alimwonyesha: jikoni, juu ya kabati, upande wa kushoto. Hakuizima kwanza, kwa kuwa tesa haiwezi kuonyesha bati lenye umeme kama umeme umezimwa.

Dereva, kama anavyopenda kuitwa mpaka leo, alimweleza shida yake bila kuzunguka. Ana binti mmoja, muuguzi, anayefanya kazi mbali sana na nyumbani. Simu zao zilikuwa fupi na za aibu. Unaendeleaje, tunaendelea, haya kwaheri. Mwaka juzi binti akamtumia mashine ya gemu ya mashindano ya magari. Tangu hapo, kila Jumatano saa kumi jioni, siku ambayo binti ana mapumziko, wanakimbizana barabarani kwenye skrini huku wakizungumza kupitia vipokea sauti.

"Kwenye gemu ananiambia mambo ambayo kwa simu hasemi," Dereva alisema. "Mtu akiwa anakata kona hana muda wa kuficha neno."

Wiki tatu zilizopita binti alianza kusema jambo kuhusu afya yake. Sauti ikakatika. Gari la binti likasimama katikati ya skrini kama lililogandishwa. Aliporudi alisema, "Si kitu, baba, tutaongea." Jumatano iliyofuata ikakatika tena, na ile ya baada yake. Dereva hajalala vizuri tangu siku ile ya kwanza.

Leo ni Jumatano.

Mama Spidi alikuwa ameshajaribu njia zote nyepesi. Alitoa ruta nyuma ya televisheni, akaipandisha juu ya rafu, akabadilisha masafa ya waifai ili isigombane na za majirani. Alipopima kwenye mashine, mawimbi yalikuwa yameongezeka nguvu, lakini data ilikuwa bado inachelewa na kurukaruka. Ikabidi waya. Ikabidi dari.

Basi akausukuma mlango wa dari kwa ncha ya kalamu ya plastiki. Vumbi likamwagika usoni. Akamulika kwa tochi ya kichwani, akaona kenchi za mbao zinazobeba paa, utando wa buibui, kinyesi cha panya, na bati liking'aa kwa mwanga wa tochi. Hakuingiza mkono. Aliinyoosha tesa peke yake, akaigusisha kwenye msumari uliotokeza kwenye bati.

Taa ndogo ndani ya mpini ikawaka.

"Nilidhani nimeona vibaya," anasimulia. "Nikajiambia, pengine tesa ni mbovu. Nikagusa tena. Ikawaka. Nikagusa ubao, ikazima. Nikagusa bati, ikawaka."

Hapo hapo akasikia mtu anaimba nje.

Alikuwa mke wa Dereva. Mama Spidi alikuwa amempita uani wakati anaingia, akamsalimia, akaona beseni la nguo na waya wa kuanikia. Sasa picha ile ikamrudia yote kwa pamoja: waya wa chuma, usio na plastiki, umefungwa upande mmoja kwenye mti na upande wa pili kwenye pembe ya bati. Na yule mama alikuwa pekupeku kwenye udongo uliolowa.

"Baba," Mama Spidi alisema. "Mama anaanika nguo?"

"Eeh, anamalizia mashuka. Kwani vipi?"

"Mwambie asiguse ule waya. Mwambie sasa hivi!"

Dereva alipaza sauti. Mkewe akajibu kutoka uani, kwa utulivu wa mtu anayeitwa kila siku kutafuta miwani: "Nakuja, nimebakiza moja!"

"Usiguse waya!"

"Nini?"

"Waya!"

"Waya wa nani?"

Mama Spidi alitaka kushuka. Miguu ikakataa. Anasema hakuwa anaiona tena sebule ya Dereva. Alikuwa anaiona miguu ya Kipanga ikitetemeka kwenye kidato, na yeye mwenyewe akiwa amenyoosha plaizi kama mjinga. Dereva alikuwa ameshageuza kiti chake kuelekea jikoni, lakini gurudumu likanasa kwenye zulia, na hata kama angefika, swichi ilikuwa juu ya kabati asikoweza kufikia.

"Fundi!" Dereva alimpigia kelele. "Mke wangu! Fundi!"

Hajui alishukaje. Alama ya chubuko iliyopo kwenye muundi wake inaonyesha kwamba vidato vya mwisho hakuvikanyaga. Alikimbia jikoni, akapanda juu ya kiti, akaishika swichi kuu kwa mikono miwili na kuivuta chini. Friji ikanyamaza. Redio ikanyamaza. Nje nako wimbo ulikuwa umekoma.



Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mke wa Dereva akaingia na shuka linalochuruzika begani, uso umemkunjamana. "Umeme umekatika? Na nyinyi mnapiga kelele gani, kama mmefumania mwizi?"

Mama Spidi alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati, akaanza kulia. Dereva naye alikuwa ameufunika uso wake kwa viganja. Mke akawatazama wote wawili, akaweka shuka chini polepole.

Alipoelezwa, aliikunjua mikono yake na kuitazama. "Wiki hii yote waya ule unaniwashawasha vidole," alisema. "Nikadhani ni sabuni mpya. Jana nikavaa ndala, nikaona afadhali. Leo ndala zimekatika."

Fundi wa umeme aliyeitwa alifika saa sita. Alikuta panya wametafuna ngozi ya waya unaokwenda kwenye taa ya uani, na shaba ikilalia ubao wenye unyevu uliogusana na bati. Aliwaambia kwamba kwa siku za jua umeme ule ulikuwa unapita kidogo kidogo. "Mvua moja tu ingetosha kuua," alisema. Akabadilisha waya, akaweka waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ambao nyumba haikuwahi kuwa nao, na akaukata ule wa kuanikia. Mke wa Dereva akanunua kamba ya katani.

Kampuni inamlipa Mama Spidi kwa nyumba, si kwa saa. Siku nzuri hufanya nyumba tatu. Kwa kusubiri kwa Dereva alipoteza mbili, na msimamizi akampigia simu kumuuliza kama siku hizi amegeuka mgeni wa kulala. Angeweza kuondoka na kurudi kesho, hakuna ambaye angemlaumu.

"Lakini baba yule alikuwa anaitazama saa ya ukutani," anasema. "Mbio zao na binti ni saa kumi. Anaitazama tu."

Saa nane na nusu alipanda tena. Swichi kuu ilikuwa imezimwa, na alimwomba mke wa Dereva asimame chini yake aikabe ngazi na asiache kuzungumza naye hata dakika moja. Yule mama akamsimulia habari za harusi yake, za mama mkwe mkali, za bei ya sabuni. Mama Spidi akatambaa juu ya kenchi, tesa mkononi ingawa umeme haukuwepo, akigusa kila msumari kabla ya kuusogelea. Mita kumi na nne za waya zilimchukua saa nzima. Alitapika mara moja, ndani ya mfuko wake wa vifaa.

Saa tisa na dakika arobaini umeme uliwashwa. Alichomeka waya kwenye ruta, upande wa pili kwenye mashine ya gemu, akaiagiza ruta iitangulize mashine hiyo kabla ya vifaa vingine vya nyumba. Akapima. Ucheleweshaji uliokuwa unarukaruka kati ya milisekunde mia na mia tatu ulitulia kwenye thelathini na mbili.

Saa kumi kamili gari jekundu la binti lilitokea kwenye skrini. "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko jikoni," Dereva alisema, na akaikosa gia ya kwanza.

Mama Spidi alikuwa anafungasha. Hakutaka kusikiliza, lakini chumba kilikuwa kidogo. Baada ya mzunguko wa pili Dereva aliacha kuendesha. Gari lake likatoka barabarani, likasimama kwenye majani, na binti naye akalisimamisha lake kando yake. Yule baba alikuwa amekibana kipokea sauti sikioni. "Wamekuta uvimbe?" alisema. "Watapasua lini?" Mkewe akaja na kusimama nyuma ya kiti, akaweka mikono mabegani mwake. Fundi alitoka bila kuaga.

Upasuaji umepangwa mwishoni mwa mwezi ujao. Dereva amemtumia Mama Spidi ujumbe mara mbili, kumweleza siku na kumwomba dua. Wanaogopa, aliandika, lakini sasa wanaogopa pamoja.

Mama Spidi naye ana tarehe yake. Tangu wiki ile amejiandikisha katika mafunzo ya ufundi umeme, jioni tatu kwa wiki, akiwa mwanamke pekee darasani na mwanafunzi mkubwa kuliko wote. Anataka leseni. Akikuta tena bati lenye umeme, anataka kuzima, kutengeneza na kuwasha mwenyewe, asiwaachie watu nyumba ya giza na neno la "msiguse" huku wakisubiri fundi mwingine.

Maswali ya kuandika hayamsumbui. Tarehe anayoihesabia ni ya mtihani wa vitendo, na mwalimu ameshawaonyesha utakapofanyikia: darini, juu ya karakana ya chuo, mbele ya wasimamizi wawili, na kila mtahiniwa anapanda peke yake.

"Nitapanda," anasema. Anajifuta viganja kwenye suruali. "Nimeshamuuliza mwalimu swichi kuu iko wapi."