Sarafu Iliyotoka Kariokor

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa sarafu hata moja. Nilitoka kwetu mtaa wa Jericho nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, nikaingia duka la vitu vya kale katikati ya Nairobi, na Meneja, mzee mwembamba asiyecheka ovyo, akanionyesha karai la maji na sabuni.

"Nawa mikono," akasema. Nikanawa. "Sasa kaa hapo utazame. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi inakula shaba."

Nilikaa nikitazama mpaka duka likafungwa, nimenuna kwelikweli. Nilidhani nimeajiriwa niwe pambo.

Baadaye nilielewa. Kutambua sarafu za kale ni kazi ya macho kwanza, mikono baadaye. Unaanza na kichwa, yaani upande wenye mfalme au nembo. Unageuza mgongo, upande wenye thamani. Halafu unatazama ukingo kwa lenzi, maana waghushi wengi wakifika ukingoni huwa wameshachoka. Kisha mizani, kisha sumaku. Fedha halisi haivutwi na sumaku, na ukiiweka kwenye ncha ya kidole ukaigonga kidogo, italia kwa muda kabla ya kunyamaza. Kwa njia hiyo nilizijua rupia za Bara Hindi, pesa za shaba za pwani, hata senti zetu zenye tundu katikati ambazo wengine waliwavika watoto shingoni.

Kilichomtesa Meneja ni utando. Huo ni ile rangi nyeusi au ya kijani inayoota juu ya sarafu kwa miaka mingi, na ukiuondoa umeiharibu. Lakini jamani, waelezee watu wa mitaa yetu ya Eastlands! Mtu wa heshima hapeleki kitu kichafu ofisini. Walizisugua kwa jivu, kwa ndimu, kwa waya wa kusugulia sufuria, wakatuletea ziking'aa na wakangoja tuwasifu. Meneja alikuwa anashika kichwa na kutoka nje kupunga hewa. Mimi nilibaki nikiwasifu, kwa sababu nami nililelewa hivyo hivyo.

Duka lilipofungwa kabisa nilihamia Eastleigh, chumba cha ghorofani juu ya First Avenue, kwa mfanyabiashara wa dhahabu na fedha tuliyemwita Hajji. Huko nilikutana na zile riyali kubwa za fedha zilizopendwa sana Uhabeshi, zenye sura ya malkia mnene, nyingi zikiwa zimetundikwa kwenye mikufu ya akina mama. Zote zimeandikwa mwaka uleule, hata zile zilizotengenezwa malkia mwenyewe akiwa kaburini.

"Hajji, hizi si zinadanganya?" niliuliza.

"Hazidanganyi. Watu waliizoea ile ya kwanza wakakataa nyingine, basi ikaigwa ilivyo. Wewe usisome maandishi peke yake. Muulize aliyekuletea aliambiwa nini alipopewa. Na hayo maneno usiyatafsiri. Yaache yalivyo."

Nilimwona mzee anapenda maneno mengi. Mpaka siku Rasoa alipopanda zile ngazi.

Rasoa alikuwa mama wa mtaa wa Huruma, aliyeuza viondo, vile vikapu vya kusuka, katika soko la Kariokor. Aliweka mezani sarafu ya shaba ya manjano iliyong'aa kama kijiko kipya.

"Nimeisafisha vizuri, dada, usijali," akasema.

Moyoni nilimsikia Meneja akitoka nje.

"Unataka kuiuza?"

"Hapana. Nataka uniambie kama babu yangu alikuwa mtu mbaya."

Nikamvutia kiti.

"Mjukuu wangu analia mpaka sauti inakauka," akaanza. "Hospitali wamempima, hana ugonjwa. Kwetu mtoto akilia hivyo, wazee wanamtajia majina ya waliokufa mpaka anyamaze, ndiyo mjue ni nani anataka kuitwa. Wametaja yote. Limebaki moja, na hilo limekatazwa."

Jina hilo lilikuwa Khaemba, babu yake. Aliondoka nyumbani kule magharibi akamwacha mke na wana wawili wadogo, na hakurudi. Kitu pekee kilichokuja ni hii sarafu, mkononi mwa mwanamume wa kijiji jirani.

Nilichukua lenzi. Maandishi yalikuwa yamesuguliwa sana, ikabidi niinamishe sarafu dirishani ili mwanga uyapitie kwa ubavu. Taji. Herufi D.O.A., za koloni la Wajerumani kule Tanganyika. Na T ndogo, T ya Tabora. Hizi ziligongwa katika karakana ya reli wakati wa ile vita kuu ya kwanza, Wajerumani walipozingirwa wakaishiwa sarafu, wakayeyusha hata maganda ya risasi. Kwetu hazikutumika kamwe.

Hapo nikamkumbuka Hajji. "Huyo jirani alisema nini hasa? Nipe maneno yake."

"Alisema, 'Mumeo ametuma hii kutoka kariokor.' Basi. Watoto walipokua wakasikia Kariokor iko Nairobi. Wakaja, wakauliza mlango kwa mlango. Hayuko. Wakajua ameoa mwanamke wa mjini na anajificha. Na mimi niko hapo kila siku, dada, nauza viondo pahali babu alitutupa."

Niliweka lenzi chini. Kabla ya kuwa soko, kariokor lilikuwa jeshi: jina la Kizungu la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Ndio waliobebeshwa mizigo ya vita mpaka Tanganyika, na wengi walikufa kwa njaa na homa. Mtaa ulirithi jina kwa sababu kambi yao ilikuwa pale.

Nilimweleza taratibu. Nikamwambia pia kwamba sarafu haisemi mtu alifia wapi, inasema tu ilikotoka na wakati gani. Rasoa aliifumbata mkononi, jasho na chumvi na yote, nami sikumkataza.

Alikwenda nayo nyumbani pamoja na mtoto. Aliporudi alinisimulia. Baba yake mkubwa, mmoja wa wale wana wawili, alikuwa bado hai, mkongwe wa fimbo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba alikuwa vitani, na sisi tukawa tunamtafuta sokoni." Akaomba ampakate mtoto, akamwita Khaemba. Kama mtoto alinyamaza? Rasoa anaapa alinyamaza. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba mzee ndiye aliyelia siku hiyo.

Sasa nimestaafu, niko Jericho, na vijana wananiita Shosh wa Macoin, yaani nyanya wa sarafu. Wananiletea hela za Wajerumani, senti na pesa bandia. "Niaje Shosh, hii ni doo ya wapi?" Ninawauliza kwanza waliambiwa nini, wanaona nazeeka.

Khaemba naye ana ndevu siku hizi. Huja Jumapili baada ya kanisa kuninywea chai yangu yote. Nyanya yake, Rasoa, alimwachia ile sarafu, na imeanza kuota utando tena. Huwa namwita kwa sauti hata akiwa amekaa mbele yangu. "Shosh, si niko hapa," ananiambia. Najua yuko. Napenda tu kuita Khaemba mtu akaitika.