Komeo la Kibuyu

Tangu mzee alipostaafu uaskari magereza, kukaa bure kulikuwa kukimtafuna. Asubuhi hiyo alikwangua kibuyu kikavu kwa kijiko mpaka mbegu zikaisha, akatoboa tundu la kuingilia ndege lenye kimlango, na chini vitundu vya kutolea maji ya mvua. Akakipeleka jikoni kwa mkewe, kifua mbele.

Mkewe alikigeuzageuza. "Baba watoto, kimlango nakiona. Komeo mbona liko nje?"

Mzee akalitazama komeo. Alikuwa amelipigilia kwa mazoea tu, wala hakukumbuka saa ngapi.

"Ili walale salama," akasema.

Sauti yake ilimshtua mwenyewe. Ndiyo maneno aliyowaambia wafungwa kila jioni kwa miaka thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumshukuru.