Kitanda cha Miche Nilichokitandika Ngozi

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mkiwauliza watu wa kijijini kwetu Kulesa watatia chumvi, na aibu niliyoipata siku ile inatosha hivyo hivyo ilivyo.

Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa, ambako nilimwagilia maua ya mzungu mmoja ndani ya nyumba ya vioo, maua yenyewe yamepandwa kwenye vitanda vyenye miguu (naam, vitanda, na mimi nalala chini), basi mto wetu ulipofurika ukasomba mashamba nikasema sasa ujuzi wangu utaonekana. Nikajenga kibanda cha makuti, na ndani yake kitanda cha miche kinachonifika kifuani, maji yasikifikie. Mama mkwe wangu alikuwa amebakiwa na mbegu za tumbaku kidogo tu, za tangu mama yake, akanipa zote. Alinipa kwa mkono wa mke wangu Rebeka, kwa sababu kwetu mama mkwe hasemezani na mume wa binti yake, na ujumbe ulikuwa, "Mwambie mumeo sina nyingine."

Rebeka akasema, "Tandika gunia juu ya fito, maji yapate kupita." Mimi nikaona gunia litaoza, nikaenda Garsen kwa Abdi, Msomali mwenye duka, nikachukua ngozi ya ng'ombe nzima. Abdi akaniuliza, "Wewe, hutoboi?" Nikamwambia ngozi nzuri hivi haitobolewi. Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikaifunga kwenye fremu ya kitanda kwa kamba za ngozi, wala fito sikuweka.

Miche ikaota vizuri, nami kwa kiburi nikaalika watu waje kuitazama Jumapili wakitoka kanisani. Kumbe ngozi ikilowa hulainika, na kamba zake hurefuka, na maji yasipopata njia hukaa, kwa hiyo asubuhi ile nilikuta kitanda kimeshusha tumbo na kinanuka, na wageni hao wanakuja. Kuahirisha? Sikutaka hata kulisikia. Nikaingia chini nikakiinua kwa mgongo, nikawa nawaeleza kilimo cha kisasa nikiwa nimeinama huko huko (walidhani ndivyo kinavyofanywa), mpaka kamba moja ikateleza.

Udongo, maji na ngozi, vyote vikanishukia. Mbwa waliokuwa wamefuata harufu wakaikamata ngozi, huyu anavuta huku, yule kule, nami nimo ndani sioni kitu, nikakimbia, nikamgonga mtu tukaanguka wote wawili. Nilipofunua uso nilikuwa nimemlalia mama mkwe.

Akasema nami kwa mara ya kwanza tangu nioe. "Ondoka, mwanangu. Miche inakufa."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, lakini nikapiga magoti kwenye lile tope na kuokota mche mmoja mmoja, watu wakicheka, hadi jua likawa utosini. Ikapona tisa. Mama mkwe aliichukua yote akaipanda kwake, na tumbaku yake ipo mpaka leo.

Ngozi sitandiki tena maishani mwangu. Ila kibanda nimekijenga upya, na kila msimu namtuma Rebeka akaniombee mbegu kwa mama yake, kila msimu anarudi mikono mitupu. Kesho namtuma tena.