Abiria wa Tatu wa Safari ya Musoma

Nilijua kwamba macho ya mama mkwe wangu yamekwisha siku alipokuja mbele yangu njiani bila kunikwepa.

Kwetu, mwanamume na mama mzaa mke wake hawakutani uso kwa uso. Wakionana kwa mbali, kila mmoja huacha njia kwa upande wake; mama hujifunika kanga, mkwe humpa mgongo, na hakuna anayetoa neno mpaka wapishane. Hawali pamoja wala hawaketi chumba kimoja. Hiyo ndiyo heshima, na sikuwahi kuiona kuwa mzigo.

Asubuhi ile nilikuwa nimebeba mfuko wa chokaa begani. Mama alikuwa ametoka Kisorya kuja kukaa kwa dada yake hapo Bunda. Nilimwona akija na fimbo, nikangoja aache njia. Hakuiacha. Niliruka mtaroni na chokaa yangu. Alipita umbali wa hatua moja, akasikia kishindo, akageuka na kusema kwa upole, "Pole, mwanangu, umejikwaa?"

Sikujibu. Kujibu kungekuwa kosa kubwa kuliko kunyamaza.

Nilipomweleza mke wangu, aliacha kutwanga. "Mama anasemaga ni moshi wa jikoni," alisema.

"Moshi haumfanyi mtu amsemeshe mkwe wake."

Hapo akakaa chini na mchi mkononi.

Ilikuwa miaka ya utawala wa Mwingereza, nami nilikuwa nimeletwa Bunda kwa miezi michache kujenga ghala la pamba. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye kila Alhamisi aliendesha lori lake mwenyewe kupeleka ngozi Musoma na kurudi jioni na sukari, mafuta ya taa na majora ya nguo. Ni yeye aliyetuletea habari. Alikuwa ameona tangazo limebandikwa bomani: daktari wa macho atapita Musoma, atawaangalia watu Alhamisi moja tu, halafu wale atakaowachagua atawapasua kesho yake. Ambaye hakuonwa Alhamisi hiyo, basi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Siku hiyo hiyo nilinunua daftari.

Leo watu watacheka nikisema kwamba Musoma kwetu ulikuwa jiji. Lakini mke wangu alikuwa hajaufikia, na mimi nilikuwa nimeuona mara mbili tu, zote nikiwa na mzigo kichwani, macho yakitazama chini. Safari hii ningeuona nikiwa nimeinua shingo. Nilitaka kuona jinsi nguzo za gati zilivyosimamishwa majini. Nilitaka kusimama karibu na meli ya mvuke. Nilitaka kuingia kwenye duka la vitabu ambalo mwenye nyumba aliniambia lina rafu mpaka darini. Sikukaa darasani zaidi ya miezi minne. Kusoma nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji na magazeti yaliyofungiwa sukari, na sikuwahi kuona vitabu vingi vikiwa mahali pamoja.

Kila jioni nilimhoji mwenye nyumba. Kutoka hospitali mpaka sokoni ni hatua ngapi? Lori linasimama wapi? Yeye alijibu, mimi nikachora. Kufikia Jumapili nilikuwa na ramani ya mji mzima, kuanzia gati mpaka mtaa wa Mwisenge, na ratiba isiyo na nafasi ya kupitisha kisu. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Kusimama njia panda ya Butiama kupakia ngozi, nusu saa. Kufika saa tatu. Hospitali mpaka saa sita. Sato wa kukaanga sokoni. Saa saba gati. Saa nane vitabu. Saa tisa kurudi. Nilipanda ngazi ya ujenzi nikiwa nimetabasamu, hata wenzangu wakaniuliza kama mke wangu amejifungua.

Jumatatu jioni niliwasomea ratiba barazani, mwenye nyumba na mke wangu. Abiria niliwaandika kwa herufi ili kuokoa nafasi.

"Saa nne kamili, mimi na M. tunaingia kwa daktari," nilisoma. "Daktari anauliza kwa Kiswahili, mimi namtafsiria M. kwa lugha ya nyumbani, M. anajibu, mimi namweleza daktari."

"Huyo M. ni nani?" mwenye nyumba akauliza.

"Mama."

"Mama yako wewe?"

"Mama yake huyu."

Mke wangu alijaza kanga mdomoni. Mwenye nyumba alinitazama, akaitazama ratiba, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Fundi! Umepanga mpaka saa ya kunywa chai, mkweo umemsahau!"

Nilihisi masikio yakiwaka moto. Siku sita nzima nilikuwa nimemkalisha mama mkwe wangu bega kwa bega nami ndani ya lori, nimemlisha samaki mbele yangu na kumshika mkono mbele ya daktari, wala sikuona kosa, kwa sababu katika daftari hakuwa mkwe. Alikuwa abiria wa tatu.

"Nitakaa nyuma, juu ya ngozi," nilisema.

"Juu ya kichwa cha mkweo?"

Mke wangu alikwenda kumuuliza mama mwenyewe. Alirudi bila kucheka. Mama alisema: mwambie mkwe wangu namshukuru sana, lakini gari atakalopanda yeye mimi sitapanda. Bora nibaki kipofu kuliko kuwa mama asiye na aibu.

Lori lilikuwa moja, na Alhamisi ilikuwa moja. Jumanne asubuhi nilijifuta kwenye ratiba. Sitasema kwamba haikuniuma. Nililifuta jina langu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza penseli bado ilionekana.

Sasa safari yote ilikuwa ya mke wangu, na yeye hakujua kusoma herufi wala saa. Nilianza daftari upya. Kila ukurasa nilichora uso wa saa na mishale yake, na chini yake picha: lori, kitanda cha hospitali, samaki, meli, lori tena. Niliivua saa mkononi mwangu nikamfunga yeye, na kwa siku mbili nilimuuliza kila mara, akikoroga ugali, akianika nguo: "Sasa tuko ukurasa gani?"

"Ukurasa wa mume anayenisumbua," alijibu.

Alichoogopa ni daktari. Kwa hiyo Jumatano jioni mwenye nyumba alijitolea kuwa daktari. Alivaa koti jeupe la dukani na kuketi juu ya gunia la chumvi.

"Wewe mama! Macho yako yana nini?" aliuliza kwa sauti nzito.

"Siyo mimi, baba, ni mama yangu."

"Mimi si baba yako, mimi ni daktari! Tangu lini haoni?"

"Tangu mavuno ya juzi. Jicho la kulia anaona mwanga, la kushoto anaona ukungu. Uzi hawezi kuutia kwenye sindano. Watu anawajua kwa sauti." Kisha akaongeza jambo ambalo sikumfundisha: "Na mkwe wake amempita karibu hivi, hakumjua."

Mwenye nyumba aliinuka kwenye gunia. Alivua koti. "Hilo la mwisho ndilo uanze nalo," alisema. "Daktari atalielewa."

Alhamisi nililisikia lori likiondoka nikiwa chumbani, mlango umefungwa, maana mama alikuwa amekwishapanda mbele. Kisha nilikwenda kazini. Saa sikuwa nayo, lakini mwashi hakosi saa: nilining'iniza timazi, uzi wenye kizito mwishoni, mbele ya ukuta na kufuata kivuli cha uzi wake. Kivuli kilipofika kwenye tofali la nne nilijua wako njia panda ya Butiama. Kilipofika pembeni mwa dirisha, mama alikuwa mbele ya daktari. Hapo nilishuka ngazi nikakaa. Lakini ulipofika ukurasa wa meli, furaha ilinirudia yote, nikasimama juu ya ukuta kuelekea Musoma kana kwamba ningeona moshi wa meli.

Lori lilirudi kabla ya jua kuzama. Mke wangu aliruka kabla halijasimama.

"Amechaguliwa!" alipiga kelele. "Kesho anapasuliwa! Ni mtoto wa jicho, daktari anasema anamtoa! Wa kwanza kabisa katika orodha!"

Mama alikuwa amebaki wodini, na ndugu yao mmoja anayekaa Mwisenge angempelekea chakula. Mengine niliyapata vipande vipande, kwa maana alikuwa anasema na kucheka pamoja. Ratiba waliifuata mpaka ukurasa wa samaki. Ukurasa wa meli alikaa gatini mpaka honi ya lori ilipomwita, na duka la vitabu hakuliona kabisa.

"Meli ina vyoo ndani," aliniambia. "Hiyo hukuichora."

Baada ya wiki tatu mwenye nyumba alimrudisha mama kwa lori lake. Mimi nilikuwa kazini na sikumwona.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa natoka kuchota mchanga, njia ile ile ya mtaro. Mbali kabisa, penye mashamba ya pamba, mwanamke alitokea. Hakuwa na fimbo. Kitu kilimetameta usoni mwake, miwani. Alisimama ghafla. Kisha akavuta kanga, akajifunika kichwa kizima, akageuka upesi na kuingia ndani ya pamba.

Nami niliingia upande wangu. Nilimpa mgongo kama inavyotakiwa, pamba ikinifika kiunoni, na nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Nyuma yangu nilisikia hatua zake zikipita, za haraka, zisizopapasa.

Alipokwisha kwenda nilirudi njiani nikapima. Kutoka pale alipojifunika mpaka pale niliposimama mimi, zilikuwa hatua mia moja na kumi na mbili.